Spika ndogo kwa ajili ya Bi Mkubwa safarini: kutoka Tanga hadi Muscat

Mwana wa Chumbageni aliuliza:

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mwezi ujao, Mungu akipenda, namsindikiza mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 76, kwenda Muscat kumwona dada yangu aliyejifungua. Tutapanda basi hapa Tanga katika stendi ya Kange, tutapita Segera na Chalinze, tutalala usiku mmoja katika nyumba ya wageni Dar es Salaam, na kesho yake tutapanda ndege. Mama hajalala nje ya nyumba yake tangu baba alipofariki, na kitu kinachomtuliza kila siku ni kusikiliza. Baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi husikiliza kisomo cha Qur'ani, na kabla ya kulala husikiliza taarabu za vikundi vya Black Star na Lucky Star, alizozizoea tangu ujana wake hapa hapa Tanga.

Shida yetu ni kwamba masikio yake yamepungua nguvu. Sikio la kulia analivalisha kifaa cha kusaidia kusikia, kwa hiyo hedifoni ndogo za kuchomeka haziwezi kuingia, na sikio la kushoto zinamuumiza. Sauti ya simu, hata nikiifungulia mpaka mwisho, mama huniambia kwamba anasikia kelele lakini hasikii maneno. Nyumbani tuna redio kubwa ya mezani inayomfaa sana, ila haibebeki. Mwaka jana nilinunua spika ya kubeba yenye uzito unaokaribia kilo mbili, nikidhani kwamba ukubwa ndio dawa, naye akaniambia kwamba msomaji anasikika kama anasoma akiwa ndani ya pipa.

Naomba ushauri wa spika ndogo inayomfaa mtu wa namna hii, jinsi ya kuitumia ndani ya basi na katika nyumba ya wageni bila kuwaudhi watu, na kama itaruhusiwa kupita uwanja wa ndege pamoja na pawabenki yangu ya mAh 20,000.

Fundi Ngamiani alijibu:

Wa alaikumu salaam ndugu yangu, na hongereni kwa mtoto. Natengeneza redio na spika, na maneno ya mama yetu, kwamba anasikia kelele lakini hasikii maneno, yanaeleza tatizo lote. Umri unapoongezeka sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, na konsonanti kama s, f, t na sh, ambazo ndizo zinazomwezesha mtu kutofautisha neno na neno, nguvu yake kubwa iko huko juu, takribani kati ya hezi 2,000 na 8,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Besi, yaani sauti nene, iko chini kabisa na ina nguvu nyingi, kwa hiyo spika iliyotengenezwa ili besi itikise kifua humfunikia mama kile kidogo ambacho sikio lake bado linakipata. Lile pipa alilolisikia ni la kweli, wala si malalamiko ya mtu mzee asiyeridhika.

Kwa sababu hiyo, dukani usiulize wati. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida. Kwa upande mwingine, mahali pasipo na kuta za karibu, ukiisogeza spika kutoka mita mbili hadi nusu mita kutoka kwa msikilizaji, yeye hupata desibeli 12 zaidi bila wewe kugusa kitufe cha sauti, na aliyelala upande wa pili wa chumba hapati nyongeza hiyo. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote mengine: spika ya mama ikae karibu naye, kwa umbali usiozidi urefu wa mkono wake, na sauti ibaki chini. Spika ya wati 3 hadi 5, yenye ukubwa wa kopo la maziwa ya unga au hata dogo zaidi, inatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Namna ya kuiweka nayo ina maana. Ukiiegemeza kwenye pembe ya ukuta, au ukiiweka juu ya meza tupu ya mbao, besi itavimba; ukiiweka juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, ikimwelekea uso, maneno yatatoka safi zaidi. Usiifunike kwa nguo wala kuisukuma chini ya mto, kwa kuwa kitambaa humeza zile sauti nyembamba kabla ya kumfikia. Nawe usihangaike kutafuta spika mbili za stirio, maana taarabu nyingi za wakati ule zilirekodiwa kwa mkondo mmoja wa sauti, na spika moja nzuri haimpunguzii chochote.

Nakushauri utafute yenye sehemu ya kadi ya memori, ili mama asitegemee simu yako. Simu ikiita katikati ya kisomo spika hukatika na mlio wa simu huvuma chumba kizima, na wewe ukitoka kwenda kutafuta chakula ukiwa na simu mfukoni, mawasiliano ya Bluetooth hupotea baada ya mita kumi hivi, au chini ya hapo pakiwa na kuta. Kadi ya GB 32 inamtosha kwa miaka, kwa sababu faili ya MP3 ya ubora wa kawaida, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua takribani MB 1 kwa dakika, na hizo ni zaidi ya saa 500 za kusikiliza. Ifomati kadi kwa mfumo wa FAT32, kwa kuwa spika nyingi za bei nafuu hazisomi mfumo mwingine. Zaidi ya hayo, nyingi hupiga faili kwa mpangilio zilivyonakiliwa, bila kujali majina. Kwa hiyo nakili sura moja baada ya nyingine kwa utaratibu, au bora zaidi, mnunulie kadi mbili, moja ya kisomo na moja ya taarabu, ili hata kwa bahati mbaya visichanganyike.

Jambo la mwisho ambalo wauzaji hawalitaji: iwashe hapo hapo dukani na usikilize mlio wake wa kuanzia. Zipo zinazotangaza kwa sauti kubwa kwamba zimewaka, na sauti hiyo haipungui hata ukipunguza kila kitu. Saa kumi na moja alfajiri katika nyumba ya wageni, tangazo hilo litawaamsha watu wote wa ukumbi ule kabla kisomo hakijaanza.

Ukhti wa Ruwi alijibu:

Kaka, sisi huku Muscat tunawapokea wazazi mara kwa mara, na yanayowasumbua uwanjani tunayafahamu. Betri za lithiamu hupimwa kwa wati-saa. Unachukua mAh, unazidisha kwa volti, ambazo kwa kawaida ni 3.7, kisha unagawanya kwa 1,000. Pawabenki yako ya mAh 20,000 inatoa wati-saa 74, na kwa kuwa haifiki 100 inaruhusiwa bila kuomba kibali. Ingekuwa ya mAh 30,000 ingefika 111, nawe ungelazimika kupata ridhaa ya shirika la ndege kwanza. Pawabenki haiingii kamwe katika begi linalopelekwa chini ya ndege. Spika ndogo ya mAh 1,200 ni wati-saa 4 na kidogo, lakini hata hiyo ibebe mkononi. Ikilazimika kwenda chini, iwe imezimwa kabisa na imefungwa vizuri ili isijiwashe ikigongwa na mizigo. Mashirika kadhaa yamepiga marufuku kuchajia kwa pawabenki angani, kwa hiyo chajini kila kitu usiku ule mtakapolala Dar es Salaam.

Ndani ya ndege spika haitumiki, na hata ingeruhusiwa isingemsaidia mama, kwa sababu mvumo wa ndege ikiwa angani unakaribia desibeli 80. Mletee hedifoni kubwa zinazofunika sikio lote. Kama kifaa chake ni cha kukaa nyuma ya sikio, maikrofoni yake iko juu ya sikio, kwa hiyo kikombe cha hedifoni kiifunike na hiyo; kikibana mno kifaa kitapiga mluzi, nawe utakisogeza kidogo mpaka mluzi ukome. Mfanyieni majaribio nyumbani siku kadhaa kabla ya safari, kwa kuwa mzazi akilazimishwa kujifunza kitu kipya akiwa tayari ana hofu ya ndege, atakikataa. Muulizeni pia aliyewauzia kifaa kama kinaungana na simu kwa Bluetooth, kwa kuwa vingi vya siku hizi vinaungana, na hapo sauti huingia moja kwa moja sikioni.

Soketi za huku ni zile zile za matundu matatu ya mstatili kama za nyumbani, kwa hiyo chaja yenu itafaa. Kuhusu joto, wakati wa kiangazi hapa hupita nyuzi 40 kivulini, na gari lililoegeshwa juani huwa tanuri. Betri ya lithiamu huharibika haraka katika hali hiyo, hivyo spika isisahauliwe garini hata kwa saa moja.

Abiria wa Segera alijibu:

Wenzangu wamesema ya ufundi. Mimi nazungumzia basi. Njia ile ya takribani kilomita 350 naipita kila mwezi, na najua utajiambia kwamba basi lenyewe lina runinga na muziki, hivyo sauti ndogo ya mama haitamdhuru mtu. Nakuomba usifikiri hivyo. Muziki wa basi abiria anaweza kumwomba kondakta aupunguze, lakini sauti inayotoka mapajani mwa mama mtu mzima hakuna kijana atakayethubutu kuisemea, na aliyechoka au anayeumwa kichwa atavumilia mpaka Dar es Salaam.

Kwa kisomo jambo ni zito zaidi. Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 204, tumeamrishwa kusikiliza na kunyamaza Qur'ani inaposomwa. Ukiifungulia ndani ya basi ambamo watu wanakula, wanabishana juu ya nauli na wanazungumza na simu, unawatia Waislamu wenzako katika dhiki, na abiria wasio Waislamu unawanyima uhuru wa kuzungumza. Mkatieni tikiti ya siti ya mbele upande wa dirishani, mbali na spika za basi, na zile hedifoni kubwa zianze kazi pale pale Kange. Spika ndogo isubiri chumbani mtakapolala, na huko nako kitanda cha mama kisiwe upande wa ukuta mnaochangia na mgeni mwingine.

Mwana wa Chumbageni aliandika tena:

Nawashukuruni sana, Mungu awalipe. Jana nilikwenda dukani na kadi yenye kisomo mkononi, nikasikiliza spika nne. Ya kwanza ilipiga kelele ilipowaka, nikairudisha papo hapo. Ya pili haikuisoma kadi. Nilichukua ya nne, ya wati 5, inayoenea kiganjani, na jioni nikaiweka juu ya kanga mbele ya mama bila kumweleza chochote. Alisikiliza kwa muda, kisha akaanza kumfuatisha msomaji kwa midomo, jambo ambalo kwa simu yangu hajawahi kulifanya.

Kifaa chake cha kusikia hakiungani na simu, nimeuliza. Hedifoni kubwa nimeazima kwa jirani, zikapiga mluzi mwanzoni, tukazisogeza nyuma kidogo mluzi ukakoma. Amezivaa robo saa leo na kesho tutaongeza. Kadi ya pili ya taarabu bado naitafutia nyimbo, kwa kuwa kanda za baba zilikuwa na ukungu na ni tano tu zilizonakilika vizuri. Fundi Ngamiani, kama unao ujuzi wa kusafisha kanda, nitakuletea zilizobaki wiki hii.

Fundi Ngamiani alijibu:

Zilete Jumamosi asubuhi, na usizichomeke tena katika redio yoyote kabla sijaziona, kwa sababu ukungu huhamia kwenye kichwa cha kusomea na kuziharibu kanda zilizo nzima.