Mnatuuzia Pure Data kwa jina la "leseni" halafu hata kuifundisha hamuiwezi!!

Wakuu habari zenu. Leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kuna kozi hapa Dar ya kutengeneza muziki unaojitunga wenyewe kwenye kompyuta, jina silitaji. Ada laki mbili, juu yake unadaiwa elfu hamsini ya "leseni ya programu". Programu yenyewe kumbe ni Pure Data! Hiyo kitu ni bure jamani, kaitengeneza Miller Puckette miaka ya 90, huyo huyo aliyeanzisha Max, programu nyingine ya aina hiyo, kule IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki Paris, miaka ya 80, na kaiachia huria kila mtu aichukue. Max ndo ya kulipia. Sawa, sheria haikatazi mtu kuiuza Pure Data, ila kumwambia mwanafunzi analipia leseni wakati hakuna leseni yoyote ya kununua pale ni uongo mtupu, na kuna madogo wamekopa hiyo hela.

Tena hela ina nafuu. Kinachoniuma ni mafundisho yenyewe. Mtu anafungua pachi, yaani mchoro wa viboksi vinavyounganishwa kwa waya, na waya zote zimeshachomekwa: metro inagonga kila milisekunde 250, inaingia random 24 inayochagua namba ya noti, jumlisha 48, mtof inayogeuza namba kuwa masafa ya sauti, osc~ inayotoa mlio, moja kwa moja dac~ inayopeleka sauti nje, basi, "sikilizeni kompyuta inatunga". Inatunga nini sasa?? Random hiyo inachagua namba yoyote kwa nafasi sawa, hakuna skeli, haikumbuki noti iliyopita, haipumziki hata kidogo, ni noti zinamwagika tu. Na kile kiboksi cha *~ cha kupunguza sauti hakipo, watu wamevaa hedifoni sauti inawapasua masikio, binti mmoja kazivua akazitupa mezani.

Kuna mzee wa taarabu darasani, mpiga fidla, kauliza vizuri kabisa atapataje bayati, ile maqamu ya Kiarabu yenye noti inayoangukia katikati ya noti mbili za kinanda, humo ndani. Jibu alilopewa, "programu ya wazungu haina noti hizo". Haina?! Mtof inapokea desimali! Ipe 63.5 inakupa sauti iliyo katikati ya noti namba 63 na 64, ndo hiyo hiyo mzee anayoitafuta ukianzia bayati kwenye 62. Ni kuandika namba tu kwenye kiboksi. Mzee wa watu kakunja daftari, hakurudi tena.

Halafu eti "muziki huu haujirudii milele". Nimefika home, nimefungua Pd (Pure Data) na ile pachi, nimesikiliza, nimezima programu nzima, nimewasha tena, noti ni zile zile kwa mpangilio ule ule! Random ya Pd kila ukiiwasha upya inaanzia pale pale mpaka uitumie ujumbe wa seed, yaani namba ya kuanzia, wenye namba tofauti. Bonyeza kulia kwenye kiboksi chochote, chagua Help, inafunguka pachi ya mfano inayocheza kabisa, unaichezea unavyotaka. Hicho tu kingekuwa somo la siku ya kwanza, na hakuna aliyetuonyesha.

Mwenye kozi kama unasoma hapa, rudisha elfu hamsini za watu. Ada tutaijadili baadaye. Na mzee mtafute umwombe radhi.

Mliosoma pale, tunzeni zile risiti zilizoandikwa "leseni" na mnichek inbox, tunaenda kuidai pamoja.