Msaada wa haraka: rezista tatu na fumbo la namba

Kijana_wa_Kayole: Habari za jioni wadau. Betri ya volti 12, inafuata rezista ya omu 4, kisha rezista mbili zimekaa sambamba, moja omu 6 na nyingine omu 3. Wanataka mkondo wote unaotoka kwenye betri. Nimejumlisha zote nikapata 13, nikagawa, ikaja 0.92. Sina amani na jibu hilo. Tena kuna fumbo: 2, 6, 12, 20, 30, inafuata ngapi? Nimeandika 40. Nayahitaji leo tafadhali.

FundiStima: Zilizo sambamba hazijumlishwi hivyo. Mkondo ukifika pale unapata njia mbili, kwa hiyo ukinzani, yaani kile kinachouzuia mkondo, unashuka. Zidisha 6 kwa 3, upate 18, gawa kwa jumla yao, 9. Ni omu 2. Ongeza ile 4, zinakuwa 6. Volti 12 gawa kwa omu 6 ni ampea 2. Ila mbona leo leo?

Mwalimu_Mstaafu: Fumbo: tazama pengo kati ya namba. 4, 6, 8, 10. Linalofuata ni 12, kwa hiyo jibu ni 42. Vijana mnakimbilia simu kabla ya kushika kalamu, inasikitisha.

Mzee_wa_Luthuli: Mkizungumzia mkondo mnanikumbusha mwanagenzi mmoja pale dukani kwetu. Alichukua mita, swichi yake ikiwa kwenye ampea, akachomeka ncha zote mbili kwenye soketi eti apime stima. Volti 240! Kwenye ampea mita karibu haina ukinzani, ni sawa na kugusanisha nyaya. Ncha nyekundu ilitoa cheche, ikabaki nyeusi na imepinda. Mkono ulipona kwa neema ya Mungu.

FundiStima: Pole kwake. Kijana, hujanijibu.

Kijana_wa_Kayole: Ni mtihani wa kazi. Mkandarasi anatafuta wasaidizi wa fundi, maswali yamekuja kwa WhatsApp, tunarudisha kabla ya saa nne usiku.

Wambo_Umoja: Na una cheti?

Kijana_wa_Kayole: Nimewaambia ninacho. Chuo nilisoma, karo ikakatika njiani. Na kuna jamaa nimeshamtumia elfu moja kwa M-Pesa anifanyie yaliyobaki. Msinihukumu. Kazi yenyewe ni kuvuta nyaya na kuchimba ukuta, hesabu nitajifunzia huko huko. Kodi haingoji.

Mwalimu_Mstaafu: Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu.

FundiStima: Msaidizi anafanya kazi chini ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Wengi huanza bila cheti chochote, mimi mwenyewe nilianza hivyo. Uongo wa nini? Kesho utaambiwa uchague waya wa kupeleka kwenye koili ya kupasha maji ya kuogea, ukitoa mwembamba utapata moto ndani ya ukuta. Kuna watoto wanalala humo.

Shahidi_Buru: Mimi nasema hadithi imetungwa. Namba zinagawanyika vizuri mno. Hilo ni zoezi la fizikia la kidato cha tatu. Mwanafunzi huyu, anataka tumfanyie homuweki.

Wambo_Umoja: Hata mimi nimeanza kushuku. Mkandarasi na fumbo la namba wapi na wapi?

Mzee_wa_Luthuli: Mafumbo huwapo kwenye mitihani ya kazi. Na akiwa mwanafunzi, kuna ubaya gani akijifunza?

Shahidi_Buru: Basi ajibu mwenyewe. Saketi ile ile, mita ya volti kwenye rezista ya omu 3 itasoma ngapi?

Kijana_wa_Kayole: Ngoja. Kwenye ile 4 unapita mkondo wote, ampea 2, kwa hiyo inachukua volti 8. Zinabaki 4. Mita itasoma 4, na kwenye ile 6 pia 4, maana miisho yao imeungana.

Shahidi_Buru: Mkondo je?

Kijana_wa_Kayole: Ile 3 inapitisha 1.33, ile 6 inapitisha 0.67. Jumla 2. Na mimi si mwanafunzi.

FundiStima: Umeweza bila mtu. Mwambie mkandarasi ukweli kuhusu cheti, halafu lete yaliyobaki hapa tuyafanye pamoja.

Kijana_wa_Kayole: Na elfu moja yangu?

Mzee_wa_Luthuli: Hiyo imekwenda, ndugu.

Kijana_wa_Kayole: Haya. Hilo la cheti nitaangalia. Swali la tatu: balbu ya wati 60 kwenye volti 240, inavuta ampea ngapi?

FundiStima: Wati gawa kwa volti. Fanya, tunakusubiri.

Kijana_wa_Kayole: 0.25.

FundiStima: Ndiyo. Lete la nne.