Hivi gauni la mama anayenyonyesha hunyanyuliwa kwa ncha ya kalamu?

Wakuu, naandika nikiwa stoo, kati ya maboksi ya karatasi na ngazi ya kubadilishia taa, kwa sababu ndiko ninakokamulia maziwa, na mikono bado inanitetemeka. Sitamtaja jina. Kila aliyewahi kupanda lifti ya jengo lolote hapa Posta anamjua: manukato yake hufika ghorofani dakika kumi kabla yake, na jioni huondoka baada ya mlinzi kufunga geti.

Leo, katika kikao cha saa mbili na nusu, mbele ya watu 14, wakiwemo wageni wawili kutoka Dodoma ambao hawajui hata naitwa nani, mtu huyo alizunguka nyuma ya kiti changu, akachomoa kalamu, akaninyanyua bega la gauni kwa ncha yake kama anayekagua dagaa walioanza kunuka, kisha akasema: "Dada, arobaini imekwisha. Hapa ni ofisini."

Kwa kalamu, jamani. Hata kidole alikionea huruma.

Niwaeleze hilo gauni, msije mkadhani nilikwenda kikaoni na upande wa kanga. Ni gauni la kitenge, linavuka magoti, lina mikono na kola, na lina vifungo mbele hadi kiunoni, kwa kuwa mwanangu ana miezi mitano na chakula chake chote kiko nyuma ya vifungo hivyo. Doa begani lilikuwapo, silikatai. Nilikuwa tayari saa kumi na moja na nusu alfajiri, safi kama sahani ya mgeni, mtoto akanicheulia mlangoni wakati namkabidhi kwa dada wa kazi. Nikafuta kwa maji, nikakimbia, nikapanda daladala mbili na zote nikasimama. Doa lenyewe lilikuwa na ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, lakini kwa namna lilivyoinuliwa na ile kalamu, wageni wa Dodoma waliinama kulitazama kama wanaoonyeshwa ramani ya Ziwa Victoria.

Mnaotaka kuniuliza kwa nini sikuvaa suti, tulieni. Sketi yangu ya suti ilikuwa inanizuia kupanda ngazi ya daladala hata kabla sijapata mtoto, na sasa kifungo chake nimekiunganisha kwa mpira wa nywele. Lile gauni la ofisini linalosifiwa na wote lina zipu ya mgongoni, maana yake ni kwamba kila nikitaka kukamua lazima nivue nguo yote na kubaki na za ndani hapa kati ya maboksi, nikiwa nimeegemeza mgongo mlangoni, kwa sababu komeo lilikufa zamani na mtu wa vifaa hajui maana ya hodi. Koti nalo lina bitana ya nailoni. Nailoni hainywi maji. Maziwa yakivuja hutelemka moja kwa moja hadi kiunoni, ilhali kitenge cha pamba hunyonya na kukauka kabla ya chai ya saa nne.

Haya yote ningeyasema kikaoni, lakini unamjibu nini mtu aliyekushika kwa kalamu? Nilinyamaza. Akaifuta ile kalamu kwa karatasi laini, taratibu, ncha yote, ndipo akaanza kusoma ajenda.

Aliifuta!

Mpiga Debe Mstaafu: Pole sana, mleta mada. Nimehesabu kalamu kuliko nilivyohesabu hoja, na bado hujatuambia ilikuwa ya rangi gani. Shahidi makini hutaja rangi.

Hoja na Kifungu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto wake. Haikumtaka aibe dakika 20 stoo. Naomba mleta mada aandike barua, aambatanishe nakala ya sheria, na aweke kumbukumbu ya siku aliyoipeleka.

Mleta mada: Ahsante, ndugu, lakini mtoto wangu yuko Mbagala na mimi niko Posta, saa mbili hizo zinaishia njiani kabla sijafungua kifungo cha kwanza. Isitoshe, kikaoni sheria haikuwepo. Ilikuwepo kalamu.

Sista wa Zamu ya Usiku: Wewe shukuru una kitenge chenye maua yanayoficha. Sisi wauguzi tunavaa sare nyeupe, na nguo nyeupe ikilowa kifuani haina siri tena. Wiki iliyopita mzee mmoja wa kitanda cha dirishani aliitangazia wodi nzima kwamba sista anavuja, na wagonjwa ambao tangu asubuhi walikuwa hawana nguvu ya kunywa uji wakaketi wote kutazama.

Mama Pacha: Mnalilia bega moja? Sheria ilinipa siku 100 badala ya 84 kwa kuwa nilijifungua wawili, nami nikahesabu kuwa nimeongezewa siku 16 za kuvumilia bega la pili. Nilirudi kazini nimepakwa pande zote mbili, kwa uwiano mzuri kabisa, hata mhasibu akadhani ni mtindo.

Tai Shingoni: Kwa heshima zote, akina mama, mbona hakuna anayetuzungumzia sisi wanaume tunaofungwa tai mwezi wa pili hapa Dar es Salaam? Mimi nafika ofisini shati limeshika mgongo kama stempu.

Mama Pacha: Kaka Tai, hiyo tai imewahi kucheuliwa?

Tai Shingoni: Ndiyo, dada, na mtoto wako, Jumamosi iliyopita kwenye harusi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni.

Mkaazi wa Nairobi: Huku kwetu Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea. Ofisi yetu ilitii mara moja, ikatenga chumba na kubandika picha nzuri ya mama na mtoto. Baada ya wiki tatu wakaingiza mashine ya kudurufu humo humo. Siku hizi nakamua huku nje kuna foleni ya watu wenye vitambulisho mkononi, na mmoja huniuliza kila siku kama nimebakiza kurasa nyingi.

Fundi wa Uswahilini: Wakuu, kama fundi cherehani naomba niseme. Zipu ya mgongoni ni uvivu wa mafundi. Mama anayenyonyesha hushonewa zipu mbili za siri, moja kila upande, ndani ya mishono inayoshuka kifuani, kisha juu yake unalaza pindo dogo. Akisimama hakuna anayejua, akikaa mtoto anakula. Kitambaa kiwe cha pamba, na sehemu ya begani kiwe chenye maua madogo madogo, kwa sababu doa hupotea humo.

Mama Pacha: Sawa, fundi, lakini tuambie pia kwa nini ninyi mkisema "njoo Ijumaa" huwa hamtaji ni Ijumaa ya mwaka gani. Kitenge changu kiko kwa mwenzako tangu nikiwa na mimba ya miezi sita.

Sista wa Zamu ya Usiku: Changu alinishonea, akamvalisha mkewe kwenye kipaimara, halafu akanipa akisema alikuwa anajaribu mishono.

Fundi wa Uswahilini: Dada zangu, na ninyi mna makosa. Mnakuja kupimwa mkiwa wajawazito, mnarudi kuchukua nguo mkiwa na mtoto mgongoni, kisha mnasema fundi kaharibu vipimo. Cherehani haibashiri.

Tai Shingoni: Hapo fundi kasema kweli.

Mama Pacha: Kaka Tai, kunywa maji ulegeze tai.

Mleta mada: Nimetoka kikao cha saa tisa. Ilikuwa nyekundu, ya kusahihishia. Na doa la wino limebaki pale pale pembeni ya doa la maziwa, nalo halitoki kwa maji.

Mkaazi wa Nairobi: Fundi, hizo zipu mbili za siri zinahitaji kitambaa yadi ngapi, na unaweza kutuma kwa basi la usiku?

Fundi wa Uswahilini: Yadi tatu na nusu zinatosha, mkono mfupi. Njoo Ijumaa.