Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito: niongeze kinga ya pili?

Muulizaji: Wakuu, kompyuta yangu yenye Windows 10 huchelewa sana kuwaka, na mafaili yaliyo kwenye flashi hugeuka kuwa njia za mkato. Je, niweke programu ya pili ya kuzuia virusi?

Jibu la 1: Hapana, ndugu. Programu mbili za namna hiyo hugombania kumbukumbu na kuizidisha kompyuta uzito. Defender, kinga ya Microsoft iliyomo ndani ya Windows, inatosha, mradi uisasishe. Mafaili yako kwa kawaida hayajafutwa, kirusi kimeyaficha tu, kwa hiyo usiharakishe kufomati flashi, yaani kuifuta yote.

Jibu la 2: Naongezea kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya Windows 10, hivyo kuhamia Windows 11 ni muhimu kuliko kinga yoyote ya ziada. Kama bado unatumia diski ya kuzunguka, SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) ndiyo itakayoharakisha kuwaka.

Muulizaji: Nashukuru, wakuu. Diski ni ile ya kuzunguka.