Boksi la kahawa la kila mwezi au Mbozi ya kununua mwenyewe: kipi kinalipa ukiwa Mbeya?

Kijana wa Uyole
Wakuu, heshima kwenu. Nimechoka na kahawa ya kopo. Kuna wakaangaji wa Dar na Arusha wanaotuma boksi kila mwezi: unalipia kwa simu, basi linakuletea stendi pakiti mbili za gramu 250 kutoka mashamba tofauti. Njia ya pili ni kununua kahawa ya Mbozi iliyokaangwa hapa hapa mjini. Ya tatu ni kununua buni safi, yaani punje zilizokobolewa ila hazijakaangwa, nikakaanga mwenyewe. Mwenye uzoefu aniambie hela yangu niipeleke wapi.

Mama Wawili
Mwanangu, mimi boksi nimelitumia tangu Pasaka hadi Krismasi. Faida yake ni moja ila kubwa: ulimi unafunguka. Nimekunywa Karatu, Kigoma, Tarime, Mbinga, hadi robusta ya Karagwe ambayo bila maziwa ilinishinda (baba watoto ndiyo aliyoipenda kuliko zote). Hapa mjini usingezipata zote hizo. Tatizo bei. Ukijumlisha na nauli ya mzigo, hela hiyo kwangu ni karibu kilo nzima ya Mbozi. Na kuna mwezi nilifungua boksi nikakuta kahawa ya Mbozi! Imelimwa chini ya kilomita 100 kutoka kwangu, ikaenda Dar kukaangwa, ikanirudia kwa nauli yangu mwenyewe.

Mnyalukolo
Kamwene. Mama Wawili umeniua mbavu.
Mkuu, piga hesabu kwanza. Kikombe cha maana kinataka gramu 15 za kahawa kwa maji kama mililita 240, kwa hiyo pakiti ya gramu 250 ni vikombe 16. Ukiwa peke yako na kikombe kimoja kwa siku, boksi linakutosha mwezi. Mkiwa wawili mnaokunywa asubuhi na jioni, siku ya nane mmekwisha.
Pili, tarehe ya kukaangwa. Kahawa ikitoka motoni inaachia gesi kwa siku kadhaa, ipe kama wiki itulie. Kuanzia hapo una wiki chache za raha, kisha harufu inaanza kukimbia. Mkaangaji anayeandika tarehe ya kuisha muda peke yake, achana naye. Hapa ndipo boksi zuri linapowapiga bao wauzaji wengi wa huku kwetu: tarehe ipo na punje ni nzima. Pakiti nyingi za dukani zimeshasagwa, na hujui lini.

Mbozi Asilia
Nimekulia kwenye mibuni, kwa hiyo nisemee hapa. Msibabaishwe na herufi AA kwenye pakiti. Hiyo ni ukubwa wa punje baada ya kukobolewa na kuchekechwa, ladha haina habari nayo. PB nayo ni tunda lililotoa punje moja ya mviringo badala ya mbili. Ladha inapimwa na waonjaji, na kahawa ikifikisha alama 80 kati ya 100 ndipo inaitwa maalumu. Anayekutoza bei ya kahawa maalumu akutajie AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au shamba, mwinuko, na namna ilivyokaushwa: ilimenywa ikaoshwa, au ilianikwa na ganda lake?
Kukaanga mwenyewe ndiyo rahisi kuliko zote kwa bei. Buni safi ikitunzwa pakavu inakaa miezi mingi, hivyo nunua msimu ukiwa umechanganya, ukaange kidogo kidogo. Sufuria nzito, moto wa wastani, geuza bila kupumzika. Itaanza kupasuka kama bisi. Hesabu dakika moja au mbili, mimina kwenye ungo upepete ipoe haraka. Usingoje itoke mafuta. Kaangia uani, moshi wake si wa mchezo.

Kijana wa Uyole
Shukrani. Na maji je? Nimesoma kwamba yakichemka nisubiri yapoe kidogo.

Mnyalukolo
Huo ni ushauri wa watu wa pwani, mkuu. Yanatakiwa maji ya nyuzi 90 hadi 96. Mbeya mko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huko maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yakichemka, mimina.

Chai Rungwe
Nimepita kusalimia tu. Kikombe changu kinatoka Tukuyu na hakiulizwi tarehe. Endeleeni.

Mama Wawili
Mwanangu, chukua boksi miezi mitatu, la punje nzima, na uandike pembeni ipi uliipenda. Ukiona kila mara ni Mbozi au Mbinga, simamisha, tafuta mkaangaji wa hapa anayekukaangia kwa oda. Mimi sasa naagiza mara moja moja na tunagawana na mdogo wangu wa Soweto ya hapa mjini. Kabla hujalipa uliza kama unaruhusiwa kuruka mwezi. Langu la kwanza halikuruhusu, nikarundika pakiti hadi zikapoteza harufu.

Kijana wa Uyole
Nimekuelewa mama. Ila sina mashine ya kusagia. Naweza kupeleka kwa wale wanaosaga viungo sokoni Mwanjelwa?

Mama Wawili
Usithubutu! Itarudi na iliki na pilipili manga ya watu.

Mbozi Asilia
Nunua ya kuzungusha kwa mkono, iwe kabla ya boksi. Kwa sasa kinu na mchi vinatosha.

Chai Rungwe
Hiyo ya iliki na pilipili manga mngenipa mimi.