Naomba ushauri: Dar hadi Mbeya kwa pikipiki, kuchangisha taulo za kike

Wakuu, habari zenu. Mimi na wenzangu tunataka kwenda Mbeya na Boxer 150, tuchangishe pesa za taulo za kike kwa wanafunzi. Mikumi, pale barabara inapokatiza hifadhi ya wanyama, hainipi shida, tutapita mchana mwendo wa pole. Mlima Kitonga kule Iringa ndio unaoninyima usingizi: kona kali, malori yanapanda kwa kusuasua, mengine yanashuka breki zinanuka. Mliopanda na pikipiki yenye mzigo, ni saa ngapi kuna nafuu? Na baridi ya Makambako mwezi wa saba, sweta na koti la mvua vinatosha?

Halafu michango. Wenzangu wanataka ipitie namba yangu ya simu. Mimi sitaki, maneno hayakawii. Akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu inafunguliwaje?