Maji ya kisima yana naitreti, nahisi ni mbolea ya jirani. Naomba ushauri

MkulimaIlula: Wakuu, habari zenu. Nina shamba Ilula, Iringa. Kisima chetu kina mita 9, tunakinywa tangu 2009. Nilipeleka chupa maabara ya maji, majibu yakaja naitreti, ile chumvichumvi yenye naitrojeni, miligramu 18 kwa lita. Binti wa pale akasema tusiyanywe. Mtandaoni naona mwisho ni 50, sasa 18 ina shida gani? Juu yetu kuna jirani analima nyanya, anaweka mbolea za urea na CAN kila mara. Nithibitisheje kuwa ni yeye? Silali.

Mpimaji: Angalia karatasi vizuri. Imeandikwa NO3, yaani naitreti nzima, au NO3-N, yaani naitrojeni iliyomo tu? Kama ni N, zidisha mara 4.43, unapata naitreti nzima karibu 80. Ile 50 ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ni ya naitreti nzima. Choo na zizi viko wapi?

MkulimaIlula: Imeandikwa N. Mungu wangu. Basi huyu jirani katumaliza.

MamaWawili: Usikimbilie kugombana. Sisi tulinuniana na jirani miaka sita kwa ajili ya mpaka. Baba alipofariki, turubai la msiba lilitoka kwake.

Mpimaji: Zizi, mkuu. Hujajibu.

MkulimaIlula: Lipo. Ng'ombe sita wa maziwa. Shimo la samadi liko hatua kumi na mbili kutoka kisimani, upande wa juu. Lakini samadi ni ya asili, haina kemikali. Halafu fundi wa kisima kirefu nimeshampa nusu ya hela, anachimba hapo hapo karibu na zizi, ng'ombe wasipate shida ya maji.

Mpimaji: Samadi ikioza inatoa naitreti ile ile ya urea, mvua inaishusha chini. Mzuie fundi. Pima tena, safari hii na kloraidi na bakteria wa kinyesi, pamoja na kisima kingine kilicho juu ya zizi lako, chini ya nyanya. Hicho kikiwa safi, jirani hana kosa.

Kipanga_Dar: Hii chai. Mwanakijiji gani anaamka tu anapima naitreti? Subirini, kesho analeta namba ya kuuza mashine ya kuchuja.

MkulimaIlula: Siuzi kitu. Nilipima kwa sababu ya mjukuu. Ana miezi miwili, anatumia maziwa ya kopo. Tangu juzi midomo na kucha ni kama kala zambarau. Sikutaka kuyasema haya humu. Maji yake tunayachemsha sana, mara mbili.

NesiMstaafu: Baba, shikamoo. Mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje kesho. Kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, inazidi makali. Kwa mtoto mchanga inafanya damu ishindwe kubeba hewa. Mwambie daktari habari ya kisima, asije akadhani ni kifua tu. Asikorogewe tena maziwa kwa maji hayo.

Kipanga_Dar: Mzee, nisamehe. Mtoto yuko wapi sasa?

MkulimaIlula: Tuko kwenye gari, tumefika Ipogolo, Iringa mjini. Mama yake kampakata. Mimi nimeshika ile karatasi na chupa ya maji ya kisima, nimwonyeshe daktari. Fundi nimempigia, asichimbe.